Kichaa cha Mbwa Kikishafika Ubongoni: Tiba Gani Inabaki?

Kati ya maswali ambayo ndugu wa wagonjwa hutuuliza sisi madaktari, lipo moja lililo zito kuliko mengi: “Daktari, sasa tumpeleke wapi?” Swali hili huulizwa pale mgonjwa aliyeng’atwa na mbwa wiki kadhaa zilizopita anapoanza kukabwa na koo kila aonapo kikombe cha maji. Nyuma ya swali hilo aghalabu kuna kipande cha shamba ambacho kimeshatafutiwa mnunuzi, kuna mbuzi waliokwisha kuuzwa, na kuna ukoo uliochangishana fedha za kukodi gari kwenda Dar es Salaam. Anayeuliza anaamini kwamba huko mbele, katika hospitali kubwa zaidi, dawa ipo. Kilichobaki ni nauli.

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa ukweli. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili, hakuna hospitali, iwe ya Morogoro, ya Dar es Salaam au ya ng’ambo, yenye dawa iliyothibitishwa ya kuviondoa virusi ubongoni. Hata hivyo, haimaanishi kwamba mgonjwa huyo hana tiba. Ipo tiba ya kumwondolea mateso, nayo ni haki yake. Na ipo tiba ya kuvizuia virusi visifike ubongoni, nayo huanzia nyumbani, kwa maji na sabuni, dakika chache baada ya kung’atwa.

Ugonjwa ulio kati yetu

Kwa makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wapatao 59,000 hufariki dunia kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, wengi wao barani Asia na Afrika. Takriban wanne kati ya kila kumi ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Maambukizi karibu yote kwa binadamu, asilimia 99, hutoka kwa mbwa. Kwa Tanzania, makadirio ya kitaalamu yaliyochapishwa mwaka 2002 yalitaja vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka, ilhali vilivyokuwa vikiripotiwa rasmi havikuzidi wastani wa 11. Pengo hilo lina maelezo yake: wengi hufia nyumbani, na wengine hufia hospitalini huku wakihesabiwa kuwa wagonjwa wa maradhi mengine.

Mkoa wa Morogoro si mgeni katika habari hii. Wilaya za Kilombero na Ulanga, pamoja na maeneo mengine ya kusini-mashariki mwa nchi na kisiwa cha Pemba, ziliingizwa katika mradi wa majaribio wa kutokomeza kichaa cha mbwa ulioratibiwa na WHO kuanzia mwaka 2010. Mjini Morogoro kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako madaktari wa mifugo wa taifa hili wamekuwa wakifundishwa kwa miongo kadhaa. Lakini juu ya mji huo imesimama Milima ya Uluguru, yenye vilele vinavyopita mita 2,600. Kwa mkazi wa Nyandira upande wa Mgeta, au wa Kinole na Matombo upande wa mashariki, umbali wa kuifuata chanjo haupimwi kwa kilomita pekee. Hupimwa kwa hali ya barabara wakati wa masika, kwa nauli ya bodaboda, na kwa kuwapo au kutokuwapo kwa dozi siku hiyo afikapo kituoni.

Safari ya virusi kutoka jerahani

Virusi vya kichaa cha mbwa huingia mwilini pamoja na mate ya mnyama mgonjwa, kupitia jeraha la meno, mkwaruzo, au utando laini wa macho na mdomo. Tofauti na vimelea vya malaria, virusi hivi havisafiri kwa njia ya damu. Huweza kukaa kwanza katika misuli iliyo jirani na jeraha, kisha huingia kwenye ncha za mishipa ya fahamu. Humo hupanda kuelekea kwenye uti wa mgongo na hatimaye ubongoni.

Safari hiyo kwa kawaida huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Huweza pia kuwa fupi hadi wiki moja, au, kwa nadra, kupita mwaka mzima. Jeraha la usoni, kichwani, shingoni au vidoleni ni la hatari zaidi, kwa kuwa sehemu hizo zina mishipa mingi ya fahamu, na uso uko karibu na ubongo. Ndiyo maana mtoto mdogo, ambaye kimo chake humweka uso kwa uso na mbwa, huwa katika hatari kubwa kuliko mtu mzima aliyeng’atwa mguuni.

Katika muda wote huo mtu huonekana mzima kabisa. Hula, hulima, huenda shule, na jeraha hupona na kubaki kovu tu. Hakuna kipimo cha damu kitakachomwambia kwamba virusi viko njiani. Jambo hili huwadanganya wengi, kwani mtu huona jeraha limefunga akadhani na hatari imepita. Kumbe kipindi hicho cha ukimya ndicho pekee ambacho tiba inaweza kumwokoa.

Virusi vikifika ubongoni huzaliana kwa kasi, kisha hushuka tena kwa njia ya mishipa ya fahamu hadi kwenye tezi za mate. Mgonjwa huanza kwa homa, uchovu na dalili iliyo muhimu kuulizia: ganzi, muwasho au kuchomachoma mahali pale alipong’atwa, hata kama kovu lilikwisha kusahauliwa. Baadaye ugonjwa hujitokeza kwa sura mbili. Ya kwanza, iliyo ya kawaida zaidi, ni ya mahangaiko: hofu kuu, kuweweseka, mkakamao wa koo kwa kuona au kusikia maji, na kustuka kwa upepo unaompuliza usoni. Ya pili, ambayo humpata takriban mgonjwa mmoja kati ya watano, ni ya kupooza: viungo hulegea polepole bila kelele wala fujo, na kwa hiyo ugonjwa hukosewa kwa urahisi. Sura zote mbili huishia katika kupoteza fahamu, na kifo hufuata kwa kawaida ndani ya siku saba hadi kumi tangu dalili kuanza, au baadaye kidogo kwa aliyepooza.

Kwa nini dawa hazifui dafu

Msomaji atauliza: ikiwa malaria iliyopanda kichwani inatibika, na uti wa mgongo unatibika, kwa nini ugonjwa huu usitibike? Sababu ni tatu.

Kwanza, dalili hutokea virusi vikiwa vimekwisha kuenea. Wakati mgonjwa anapoogopa maji, ubongo umekwisha kuvamiwa katika sehemu zake nyingi.

Pili, ubongo una ukuta unaochuja kila kitokacho kwenye damu. Katika magonjwa mengine ya ubongo ukuta huo hulegea, na askari wa kinga ya mwili pamoja na dawa hupata upenyo. Katika kichaa cha mbwa, kwa sehemu kubwa ukuta hubaki imara. Kingamwili zinazotengenezwa na chanjo, au zinazodungwa kwa sindano, hubaki nje ya mlango wakati virusi viko ndani. Kwa sababu hiyo, kumchanja mtu aliyekwisha kuonyesha dalili hakumsaidii.

Tatu, virusi hivi vina ujanja wa kuzima kengele ya hatari ya mwili. Huzuia kazi ya intaferoni, ambazo ni protini za kuamsha kinga. Isitoshe, haviziui chembe za ubongo kwa wingi kama inavyodhaniwa; huvuruga kazi zake. Ubongo wa aliyefariki, ukitazamwa kwa macho, huweza kuonekana wa kawaida. Tangu mwaka 1903, Mwitaliano Adelchi Negri alipoeleza vidoa vinavyoonekana kwa hadubini ndani ya chembe hizo, wataalamu wamekuwa wakijiuliza: kama ubongo haukuharibiwa sana, je, mgonjwa hawezi kushikiliwa hai mpaka kinga ya mwili wake iamke na kuvifukuza virusi?

Jaribio la Milwaukee

Wazo hilo ndilo lililojaribiwa nchini Marekani mwaka 2004. Msichana wa miaka 15, Jeanna Giese, wa jimbo la Wisconsin, aliugua yapata mwezi mmoja baada ya kung’atwa na popo. Hakuwa amepata chanjo. Daktari Rodney Willoughby na wenzake, katika mji wa Milwaukee, walimlaza usingizi mzito kwa dawa za ketamini na midazolamu, wakamwongezea ribavirini na amantadini zilizotarajiwa kupambana na virusi, nao wakasubiri. Msichana yule alipona, akajifunza upya kutembea na kuzungumza, akarudi shuleni. Habari zikaenea duniani kwamba hatimaye dawa ya kichaa cha mbwa imepatikana.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika yaliyofuata. Mwaka 2007, msafiri mmoja kutoka Uholanzi alikwaruzwa na popo usiku nchini Kenya, kati ya Nairobi na Mombasa. Virusi alivyopata viliitwa Duvenhage, ndugu wa karibu wa virusi vya kichaa cha mbwa. Alipougua kwao, alitibiwa mjini Amsterdam kwa utaratibu uleule wa Milwaukee, katika hospitali yenye kila kifaa. Alifariki dunia.

Huyo hakuwa peke yake. Utaratibu huo umejaribiwa mara nyingi katika mataifa mbalimbali, na karibu wote waliotibiwa hivyo wamekufa. Wataalamu walipomchunguza tena Giese waliona kwamba tangu siku ya kulazwa mwili wake ulikuwa umekwisha kutengeneza kingamwili wenyewe, na virusi vyenyewe havikupatikana kwake. Huenda aliponywa na kinga yake pamoja na uuguzi makini, wala si usingizi wa dawa. Mwaka 2016, uchambuzi uliochapishwa katika jarida la wataalamu wa mishipa ya fahamu nchini Kanada ulipendekeza waziwazi kwamba utaratibu huo uachwe. Waliothibitika kupona duniani kote ni wachache mno, wanaohesabika kwa makumi. Wengi wao walikuwa wamepata angalau dozi moja ya chanjo kabla ya kuugua, na si wachache waliobaki na ulemavu mkubwa.

Kinachotafutwa maabarani

Haifai, hata hivyo, kusema kwamba sayansi imekata tamaa. Mwaka 2020 watafiti wa Institut Pasteur nchini Ufaransa walieleza jinsi mchanganyiko wa kingamwili mbili, uliotolewa mwilini na pia moja kwa moja ndani ya ubongo, ulivyowaokoa baadhi ya panya waliokuwa wamekwisha kuonyesha dalili. Mwaka 2023 watafiti wa chuo kikuu cha tiba cha majeshi ya Marekani, kilichopo Bethesda, walionyesha jambo la kushangaza zaidi: dozi moja ya kingamwili iitwayo F11 iliwaokoa panya ambao virusi vya jamii hii vilikuwa vimekwisha kuingia ubongoni mwao. Kingamwili hiyo ilifanya kazi kwa kuziamsha chembe za kinga ziitwazo CD4, ambazo ndizo zilizovidhibiti virusi.

Hizi ni habari njema, lakini ni habari za panya. Kutoka kwa panya hadi kwa binadamu njia ni ndefu, na dawa nyingi zimeishia katikati yake. Mhudumu wa afya akiulizwa kuhusu habari hizi aseme kweli: utafiti upo, matumaini yapo, dawa bado.

Kumtambua mgonjwa bila kumhukumu mapema

Kabla ya kumwambia yeyote kwamba ugonjwa hauna dawa, ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba ndio wenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 nchini Malawi uligundua watoto watatu waliodhaniwa kuwa na malaria ya ubongo, kumbe walikuwa na kichaa cha mbwa. Kinyume chake pia huwezekana: mtu aliyeng’atwa na mbwa mwezi uliopita anaweza kuwa na malaria kali, homa ya uti wa mgongo, au pepopunda, na yote hayo yana tiba. Kwa hiyo mgonjwa apimwe malaria, aanzishiwe dawa za malaria au za bakteria inapostahili, huku historia ya kung’atwa ikiulizwa kwa makini. Usiulize tu “aling’atwa na mbwa?” Uliza pia kuhusu paka, fisi, mbweha na popo, uliza kuhusu mbwa wa nyumbani aliyekufa au kupotea, wala usiishie wiki iliyopita, rudi nyuma hadi mwaka mzima.

Pale vipimo vinapopatikana, virusi hutafutwa katika mate, katika maji ya uti wa mgongo, au katika kipande kidogo cha ngozi ya kisogoni chenye vinyweleo. Kipimo kimoja kisichoonyesha virusi hakitoshi kuuondoa ugonjwa. Lakini mgonjwa aliyeng’atwa, anayekakamaa koo kwa maji na kustuka kwa upepo, hana haja ya kungoja majibu ya maabara ndipo aanze kutulizwa.

Tiba shufaa: kazi isiyopaswa kuachwa

Kwa muda mrefu mgonjwa wa kichaa cha mbwa amekuwa akifungiwa chumba cha pembeni, pengine kafungwa kamba kitandani, watu wakimchungulia dirishani. Hatuna budi kuuacha utaratibu huo. Mgonjwa huyu mara nyingi ana vipindi vya akili timamu. Anasikia yanayosemwa, anawatambua wanawe, na anajua kwamba anaogopwa.

Chumba chake kiwe tulivu na chenye mwanga hafifu. Feni izimwe, na dirisha linaloleta upepo lifungwe. Watumishi wasimletee maji mara kwa mara ili kuwaonyesha wanafunzi au wageni jinsi anavyoogopa. Kila onyesho la namna hiyo ni mateso mapya. Hofu na mikakamao itulizwe kwa diazepamu au midazolamu, kuweweseka kwa haloperidoli, maumivu na kukosa pumzi kwa mofini, na mate yanayofurika kwa hayosini. Dawa zitolewe kwa saa, kabla nguvu ya dozi iliyotangulia haijaisha, badala ya kungoja mgonjwa apige kelele.

Njia ya kutoa dawa inahitaji fikra. Mofini ya maji, ambayo wagonjwa wa saratani nchini huinywa, haimfai mtu asiyeweza kumeza. Hapa hutumika sindano ya mshipa au ya chini ya ngozi. Diazepamu huweza kupitishwa kwenye njia ya haja kubwa, na midazolamu puani. Zahanati ya mlimani isiyo na mofini bado inaweza kuwa na diazepamu, na diazepamu iliyotolewa vizuri humwondolea mgonjwa sehemu kubwa ya hofu. Kamba si dawa, na mgonjwa aliyetulizwa vizuri haihitaji.

Wanaomhudumia wajikinge, ila wasimkimbie. Hatari iko katika mate, machozi na maji ya ubongo na uti wa mgongo. Haimo katika mkojo, kinyesi wala damu. Glavu, barakoa na kinga ya macho vinatosha kwa kazi nyingi. Kumshika mkono mgonjwa hakuambukizi. Aliyeng’atwa naye, au aliyerukiwa na mate yake machoni, mdomoni au kwenye kidonda, apewe chanjo mara moja. Ndugu waruhusiwe kukaa naye, na kiongozi wa dini aitwe kama familia inapenda, mapema, angali anaweza kuitikia dua au sala. Akifariki, mwili wake waweza kuoshwa na kuzikwa kwa heshima zote za dini na mila. Waoshaji wavae glavu na aproni, na wajihadhari na majimaji ya mdomoni.

Jibu kwa familia

Sasa turudi kwenye swali la shamba na gari la kukodi. Ikiwa utambuzi una shaka, mgonjwa apewe rufaa, kwa sababu huenda ana ugonjwa unaotibika. Ikiwa hauna shaka, safari ndefu humwongezea mateso: upepo wa gari, mtikisiko wa barabara, na hatari ya kufia njiani mbali na watu wake. Familia hubaki na msiba na deni, na watoto waliobaki hukosa shamba.

Maneno ya kuwaambia yasiwe mengi. “Mzee, ugonjwa huu umefika mahali ambapo dawa za kuuondoa hazifiki, hapa na kwingine kote. Hatutamwacha. Tunazo dawa za kumtuliza asiogope wala asiumie, nanyi mtakaa naye. Fedha mlizochanga msizipoteze barabarani.” Kisha swali moja lifuate papo hapo, kwa kuwa lina uzito wa uhai: “Nani mwingine aling’atwa na mbwa huyo?” Mbwa mmoja mwenye kichaa mara nyingi huwa ameng’ata zaidi ya mtu mmoja, na huyo wa pili, anayejiona mzima leo, ndiye ambaye bado tunaweza kumwokoa.

Saa zinazohesabika

Kwa mtu aliyeng’atwa na ambaye hajaonyesha dalili yoyote, mambo ni haya:

1. Oshwa jeraha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15. Maji ya kijito cha mlimani na sabuni ya kufulia vinatosha. Kisha pakwe iodini ikiwapo.

2. Lisipakwe pilipili, mafuta ya gari, majivu wala dawa za mitishamba. Lisishonwe ila pale isipowezekana kuepuka, na baada ya kudungwa imunoglobulini.

3. Aende kwenye kituo chenye chanjo siku hiyohiyo. Wahudumu wa zahanati wapige simu kwanza wajue dozi zilipo, wasimzungushe mtu kituo hadi kituo.

4. Chanjo ikamilishwe. Kwa mapendekezo ya WHO ya mwaka 2018, chanjo ya ndani ya ngozi huweza kutolewa sehemu mbili za mwili kila mara, siku ya kwanza, kisha siku ya 3 na ya 7 baada yake. Vituo vingine hufuata ratiba ya misuli. Mgonjwa aifuate ratiba aliyoandikiwa, hata kama jeraha limepona.

5. Jeraha lililotoboa ngozi lastahili pia imunoglobulini, ambazo ni kingamwili zilizo tayari, kudungwa ndani na kando yake. Zikikosekana, chanjo isicheleweshwe kwa kuzingoja. Zikipatikana baadaye, ziwe zimetolewa ndani ya siku saba tangu dozi ya kwanza.

6. Mbwa au paka anayejulikana afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima muda wote huo, daktari anaweza kusimamisha chanjo. Lakini chanjo ianze, isingoje siku hizo.

7. Mjamzito na mtoto mchanga huchanjwa pia. Aliyechelewa kwa wiki au miezi, maadamu hana dalili, aje vilevile.

Waganga wa jadi wanaoheshimika milimani wanayo nafasi yao hapa. Mganga anayemwambia mteja wake, “Osha, kisha nenda hospitali leo,” atakuwa ameokoa uhai.

Chanzo kikikauka

Gharama ya yote haya si ndogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba kaya ya kijijini Tanzania huhitaji zaidi ya dola 100 za Marekani kukamilisha chanjo baada ya kung’atwa, nauli zikiwamo. Kumchanja mbwa hugharimu sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Mbwa wapatao asilimia 70 katika eneo wakichanjwa, na zoezi likirudiwa kila mwaka, ugonjwa hukosa pa kuendelea. Pemba imelithibitisha hilo: chanjo za mbwa ziliuondoa ugonjwa kisiwani, uliporejea mwaka 2016 kampeni zilirudiwa, na kufikia mwishoni mwa 2018 ulikuwa umeondolewa tena.

Milima ya Uluguru haijazungukwa na bahari kama Pemba, na mbwa wa Mgeta hawaulizi mpaka wa wilaya. Hivyo afisa mifugo, mhudumu wa afya ngazi ya jamii na mwenyekiti wa kijiji wanahitaji daftari moja: nani ameng’atwa, mbwa ni wa nani, dozi ziko wapi. Kila tarehe 28 Septemba ulimwengu huadhimisha Siku ya Kichaa cha Mbwa. Siku hiyo hufaa kwa kampeni, lakini mbwa hang’ati kwa kalenda. Kijiji kinachojua leo zilipo dozi, na chenye mbwa waliochanjwa, hakitafika mahali pa kuuza shamba kwa ajili ya swali ambalo jibu lake, kwa sasa, hakuna daktari anayependa kulitoa.